Nyumba Isiyo na Korido

Dar es Salaam, 9 Machi 1997

Mama Sumaya mpenzi,

Assalaam alaykum. Moubarak amefika salama na bidhaa zake, na picha ameniletea. Niliitazama palepale kituoni, nikaitazama tena gereji, mpaka grisi ikaingia pembeni. Sasa nimeibandika juu ya kitanda.

Siamini kwamba ni nyumba ileile ya Kanyosha. Ile korido ya giza iliyokatiza nyumba katikati, mtu akipita na sinia mwingine arudi nyuma, imekwenda! Kuta zake mbili zimekwenda! Kutoka dirisha kubwa la mbele mpaka mlango wa jikoni ni nafasi tupu, na vigae vinang'aa kama vimemwagiwa maji. Nyumba ya bosi wangu huku Upanga iko hivyohivyo. Ukifungua mlango tu unaiona nyumba nzima, na upepo unaingia mbele unatokea nyuma. Siku ya kwanza aliponikaribisha nilisema moyoni, Massoudi, hata wewe utakaa hivi.

Mwaka wa pili huu nalala chini ya malori ya watu. Ukiniuliza mshahara wangu uko wapi, nitakuonyesha vigae vile na kioo kile. Sijutii hata kidogo.

Niambie mnavyokaa. Mama yangu amechagua kona gani? Anaona ziwa akiwa kwenye kiti chake? Msalimie, na watoto uwabusu.

Mume wako,
Massoudi

*

Kanyosha, 2 Aprili 1997

Baba Sumaya,

Waalaykum salaam. Barua imefika na sisi wazima.

Watu wanakuja kuangalia nyumba kama vile tuna harusi. Wanavua viatu nje bila kuambiwa. Mama mmoja wa Kiriri, kwa matajiri, aliyekuja kununua nyanya zangu alisimama mlangoni akauliza kama hapa ni kwa mkubwa fulani. Nikamwambia hapa ni kwa fundi wa magari. Mama anakaa karibu na dirisha mchana, na ndiyo, analiona ziwa lote mpaka milima ya Uvira.

Tumepata majirani wapya upande wa chini, mwalimu anaitwa Callixte na mke wake Caritas. Watu wa kanisa, watu wapole. Wanakusalimia ingawa hawakujui.

Kuna kitu nataka kukuuliza. Kama nikitaka ukuta mmoja urudi, ule wa kugawa salo ya wageni na njia ya vyumbani, utakasirika? Simiti hapa imekuwa kama dawa kwa sababu ya hii ambargo iliyofunga mipaka, lakini Moubarak anajua watu wa mitumbwi. Usinielewe vibaya. Nyumba ni nzuri sana. Ni wazo tu.

Milimani kuna kelele mara mojamoja. Tumezoea.

Wako,
Adija

*

Dar es Salaam, 11 Mei 1997

Mama Sumaya,

Ukuta? Wewe ni kama mtu aliyeng'olewa jino bovu, halafu anamfuata daktari amrudishie.

Nimefikiri nikajua ni Mama. Anaona haya wageni wakimwona akipita kwenda kuoga. Basi weka pazia. Nimempa Moubarak kitambaa kizito cha kijani, kinatosha kutoka ukuta mpaka ukuta. Mchana unakivuta pembeni, nafasi inabaki nafasi. Lakini tofali lisirudi ndani ya nyumba ile. Nimekataa.

Bosi nimemwonyesha picha. Akasema, "Massoudi, umeniibia nyumba." Tulicheka sana.

Massoudi

*

Kanyosha, 20 Juni 1997

Baba Sumaya,

Kitambaa kimefika. Ni kizuri, nimekitundika. Kuhusu ukuta nimekuelewa.

Mama ana kikohozi kidogo, baridi ya sakafu. Watoto wazima. Redio ikisema mambo ya Kanyosha usiamini yote.

Adija

*

Dar es Salaam, 17 Agosti 1997

Adija,

Moubarak alipita kwako mwisho wa mwezi uliopita. Biashara yake mjini, mtaa wa Asiatique, ilimchelewesha, akafika Kanyosha wakati wa magharibi. Nyumba giza, kufuli mlangoni. Akamuuliza mwanamke anayeuza makaa pale barabarani. Yule mwanamke akamjibu bila wasiwasi wowote, "Mama Sumaya? Analala kwa Callixte. Jua likizama anakwenda, asubuhi anarudi."

Moubarak hakutaka kuniambia. Alileta salamu zako, akanywa chai, lakini macho yake hayakutulia. Nilimbana mpaka akasema.

Sasa nakuuliza wewe. Nyumba nimekutengenezea, nyumba ambayo watu wanavua viatu kabla ya kuingia, na wewe usiku unalala kwa mwanamume nisiyemjua hata sura! Ndiyo maana ulitaka ukuta? Ili watu wakae sebuleni wasione anayeingia chumbani na anayetoka? Na Mama unamwacha na nani? Au umemfunga mdomo na yeye?

Huyo Callixte nimemwandikia pia. Nimemwambia anachostahili kusikia.

Nijibu neno moja tu, ndiyo au hapana.

Massoudi bin Hamisi

*

Kanyosha, 14 Septemba 1997

Baba Sumaya,

Ndiyo.

Nalala kwa Callixte. Nalala kwenye kulwari yake, hiyo mnayoiita korido huko Dar, chini, juu ya mkeka. Kushoto kwangu yuko mama yako. Baada yake watoto wetu. Halafu Caritas na mtoto wake mchanga, halafu Callixte mwenyewe mwisho, miguu iko jikoni kwa sababu nafasi imekwisha. Ukitaka kujua zaidi, anakoroma.

Sasa nikueleze, maana naona Dar imekusahaulisha unakotoka. Hapa milio ikianza milimani, mtu hakai chumba chenye dirisha. Anatafuta mahali ambapo kati yake na nje kuna kuta mbili. Ndiyo maana kila nyumba ya mtaa huu, hata ile mbovu ya muuza makaa, watu wake wanakimbilia kulwari. Sisi yetu tuliivunja. Tukaweka na kioo mbele, kinachotazama milima upande mmoja na ziwa upande mwingine. Masasi, yaani risasi, yakiingia kwa dirisha lako, hakuna kitu cha kuyasimamisha mpaka sufuria za jikoni.

Usidhani nakutupia lawama yote. Na mi niliipenda. Fundi Sylvère aliniuliza, "Zote mbili, mama?" nikasema zote mbili, haraka, kabla hajabadili mawazo. Siku walipomaliza kupanga vigae niliwatoa watoto nje nikatembea peke yangu kutoka mlango mpaka mlango, miguu mitupu. Nilijiona malkia. Wiki ileile waasi wakarushiana risasi na askari huko juu tangu saa za chakula mpaka jioni, na mi nimelala kifudifudi katikati ya uzuri huo, nimewafunika watoto, natafuta kwa macho mahali pa kuwaficha, naona vigae tu. Chini ya kitanda hatuenei. Ndipo Caritas aliposimama uani kwake akaniita kwa mkono.

Ningekuandikia. Mama alinikataza. Alisema, "Akijua ataacha kazi, atapanda mtumbwi, atauawa njiani. Mwache na picha yake." Nikatii. Nilipokuomba ukuta ukanipa pazia, nikasema basi, Mungu ametupa jirani.

Barua yako na ile ya Callixte zimefika pamoja. Yake sikuisoma. Lakini nilimwona uani akiisoma, nikaona alivyoikunja. Jioni akaja kugonga kama kawaida, "Shemeji, njooni." Nikamwambia apana, leo tunalala kwetu. Kesho yake akagonga tena. Nikajibu vilevile. Uso wangu hauwezi tena kuvuka ua ule.

Kwa hiyo tumerudi kwenye salo yako. Nimesukuma kabati la vyombo mbele ya dirisha. Halifiki nusu yake.

Umeniambia nijibu neno moja. Nimejibu.

Adija

*

Kanyosha, 3 Oktoba 1997

Bwana Massoudi,

Mi ni Callixte, jirani ya mama yako. Kiswahili yangu si ya Dar, utavumilia. Barua yako nilipata. Leo sijibu ile. Leo nakupa habari.

Juzi alfajiri vita ilishuka mpaka karibu na barabara ya Kanyosha. Mama yako alikuwa anaswali. Bibi yako Adija alimuita alale chini, muzee akakataa kwa mkono, anataka amalize kwanza. Kioo ya salo ilianguka yote. Risasi moja ilipita juu ya kabati, ikapasua ile pazia ya kijani, ikamupata mama yako ku paja, pale alisimama. Nimeangalia vizuri kisha. Pale alisimama ndiyo pale ukuta ilikuwa zamani. Alama bado inaonekana chini.

Bibi yako alimuvuta kwa kanga mpaka jikoni na masasi bado inapita. Nilisikia mayowe, nikaruka ua. Tulifunga mguu na shuka, tukangoja kelele ipungue, tukapata gari ya mutu wa kanisa yetu. Muzee ako ku hospitali. Mufupa imevunjika, lakini daktari anasema ataishi. Anaongea, anakemea wauguzi. Watoto wako wote wazima, wako kwangu na Caritas. Bibi yako ako na mama yako.

Nilimuambia mara mingi waje kwangu, akakataa. Mlango yangu sikufunga hata siku moja. Hiyo nataka ujue.

Callixte

*

Dar es Salaam, 5 Novemba 1997

Adija,

Barua yako na ya Callixte zimefika katika mfuko mmoja. Nilisoma yako kwanza, nikainuka kwenda kutafuta karatasi nikuombe radhi. Halafu nikafungua ya pili.

Nimeandika na kuchana. Nilikwenda kwa bosi kuomba ruhusa, akaniketisha kwenye sebule ileile. Nikaangalia. Nje kuna ukuta wa uzio, kuna mlinzi anasinzia kwenye kiti, kuna mtoto wa jirani anaendesha baiskeli. Dirisha liko wazi, na usiku watu wanalala hata kufunga wamesahau. Ndipo nikaelewa nilichofanya. Mtu huyu yuko katika amani na nyumba yake ni ya amani. Mimi nikaichukua nikakupelekea vitani. Mimi niliyezaliwa huko! Nakumbuka vizuri mwaka wa tisini na tatu tulikimbilia wapi. Tulijibanza kwenye korido hiyohiyo, Sumaya akilia, na mimi nikimziba mdomo. Halafu nikaja huku, nikala, nikalala, nikaona korido ni ushamba.

Na ulipoomba ukuta sikukuuliza kwa nini. Nilikuwa na jibu kabla ya swali.

Nililokuandikia mwezi wa nane halifutiki, najua. Sitakuambia ni hasira. Nilikuwa peke yangu chumbani, na ubaya wowote nilioufikiri ulikua, hakuna wa kunibishia. Nilimwamini muuza makaa, wewe sikukuuliza.

Jenga ukuta. Ng'oa vigae, ziba dirisha, fanya unavyoona wewe. Sina la kukuamuru tena kuhusu nyumba hiyo. Mshahara wangu wote anao Moubarak. Nangoja nafasi ya kuvuka kutoka Kigoma, meli hazieleweki. Nikifika, ukisema nilale nje, nitalala nje.

Massoudi

*

Kanyosha, 10 Desemba 1997

Massoudi,

Anayeandika ni Adija, anayesema ni mimi mama yako. Nimemkataza kupunguza neno.

Mguu umepona kadiri yake. Natembea na fimbo na naswali nimekaa kwenye kiti. Mungu anajua kwa nini.

Ukuta umejengwa. Huyu mke wako hakungoja barua yako. Siku niliyotoka hospitali nilikuta matofari yamekwisha kupangwa uani, matofari ya udongo, maana simiti hakuna. Callixte na watu wa kanisa lake walisaidia kuyabeba. Kuta ni mbili kama zamani. Zimekaa juu ya vigae vyako, hatukuving'oa, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kung'oa. Ni kuta mbaya. Moja imepinda, na ukiiegemea unatoka na vumbi mgongoni. Nyumba imerudi giza, tunapishana kwa ubavu, na sinia ya chai imekwisha kumwagika mara si moja. Nalala humo usingizi wa mtoto.

Dirisha tumeliziba kwa matofari mpaka kifuani. Juu tumeacha, nione ziwa nikisimama.

Sasa la pili. Ulikuwa na swali kuhusu mke wako, ungeniuliza mimi. Macho ninayo. Mwanamke huyu, siku ile, aliniacha nimalize rakaa yangu kwa sababu nilimwashiria asinishike. Halafu nilipoanguka alikuja kwa magoti juu ya vioo, akaniburuta. Magoti yake yalishonwa hospitali ileile, kitanda cha pili. Hilo hakukuandikia, sivyo? (Hapa ameacha kuandika. Nimemwambia aendelee.) Hata huyo Callixte hakujua mpaka alipoona damu kwenye ngazi za hospitali. Mimi nilidhani namficha mwanangu habari nimlinde. Kumbe nimemficha habari mtu aliyekuwa anatafuta mwizi nyumbani kwake. Basi, yamepita.

Njoo uombe radhi kwa miguu yako. Wangu mmoja umeharibika, siwezi kukufuata.

Mama yako

Nimeandika yote kama alivyosema. Mi bado nina hasira, lakini imeanza kuchoka. Kuta hazijapakwa chokaa. Nimeacha kusudi. Utapaka wewe.
Adija

*

Kanyosha, 22 Februari 1998

Ndugu Massoudi,

Barua yako ya Kigoma imefika. Nimefurahi kusikia umepata meli. Unaandika kwamba ukifika Kanyosha utapitia kwangu kwanza, mbele ya kuingia kwako, unipigie magoti. Apana. Usifanye vile. Watu wataona, wataanza kuuliza, na bibi yako amechoka kuulizwa. Ingia kwako kwanza. Amkia mama yako. Kula. Mi niko hapa, siendi popote.

Unauliza kama nimekusamehe. Nitakuambia wazi, kama mutu anaongea na jirani. Ile matusi uliandika juu yangu, hayakunikaa. Mi na we hatujaonana hata siku moja, ulikuwa unamutukana mutu mwingine mwenye jina yangu. Na ningekuwa mbali na Caritas miaka ile yote, sijui ningewaza nini. Hiyo nimeiweka chini.

Lakini kuna kitu ingine haujui. Ile siku barua ilifika, Caritas alinikuta naisoma. Akaona uso yangu. Kiswahili yake ni ya sokoni tu, akaniomba nimutafsirie. Ningeweza kudanganya. Sikudanganya, nilimutafsiria yote, na maneno mabaya yote. Akatia mutoto ku mugongo, akaenda kuchota maji, akarudi. Kisha akaniuliza, "Ni kweli?"

Massoudi, alikuwa analala palepale. Ubavu kwa ubavu, mutoto katikati. Ni yeye aliwaita watu wako kwa mkono ile siku ya kwanza. Na bado aliniuliza. Aliuliza mara moja tu, nikajibu, akasema sawa. Haikurudi tena mu midomo yake. Lakini mi naijua bibi yangu, na ile swali haijatoka mu nyumba.

Kwa hiyo mi sitaki magoti. Ukisha kupumzika, siku ya yenga, ile mnaita Jumapili, mchana, njo kwetu na Adija na muzee. Caritas atapika. Kaa, kula, halafu umuambie yeye mwenyewe, mbele yangu na mbele ya bibi yako, kwamba ulisema uongo. Na umuambie kwa Kirundi. Nataka asikie kila neno.

Tunakungoja.

Callixte